Bamba halifiki chini likayeyuka lote

Vitabu vingi vina mchoro ule ule: bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la nje la dunia chini ya bahari, linazama, linakutana na joto, linayeyuka lote, kisha uji mwekundu unapanda moja kwa moja hadi kwenye volkeno. Rangi zimekolea, mishale imenyooka. Kasoro ni moja tu: si kweli.

Bamba linalozama ni baridi. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, chini ya safu ya volkeno (mstari wa volkeno zinazozuka juu ya bamba linalozama), uso wake una nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi. Koti lililo juu yake, yaani tabaka nene la miamba ya moto chini ya ganda la dunia, likiwa kavu, kwa shinikizo hilo halianzi kuyeyuka mpaka lipite nyuzi 1,400. Basi magma inatoka wapi? Maji, jamani! Yamefungwa ndani ya madini: amfiboli kwenye basalti (mwamba mweusi wa sakafu ya bahari), serpentini chini yake. Joto na shinikizo vikizidi, madini yanavunjika, maji yanakamuliwa na kupenya kwenye koti la moto, yakishusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzi. Kinachoyeyuka hasa ni koti. Bamba lenyewe linaendelea kushuka, basalti yake imeshageuka ekolojiti, mwamba mzito zaidi.

Maji hayo hayaondoki mikono mitupu. Yanabeba elementi kama bari, risasi na urani. Elementi ya niobi inabaki, imeng'ang'aniwa na madini ya rutili. Ndiyo maana lava za safu hizi zina bari tele na niobi kiduchu.

Mashapo nayo, yaani tope lililotulia juu ya bamba? Wapo wanaodai hukwanguliwa yote ukingoni, pale bamba linapoanza kuzama. Karibu na Barbados mengi hukwanguliwa, sawa. Lakini pima beriliamu-10, aina ya beriliamu yenye mnururisho, kwenye lava ya Nicaragua: imo. Atomi hiyo huzaliwa angani, mionzi ya kosmiki inapogonga oksijeni na naitrojeni, hushuka na mvua na kutulia kwenye tope la sakafu ya bahari. Nusumaisha yake, muda wa nusu yake kuoza, ni miaka milioni 1.4 tu. Lava ya migongo ya bahari, ambako mabamba huachana na hakuna tope linalozama, karibu haina kabisa. Kwa hiyo tope changa la juu limezama na kurudi ndani ya miaka milioni chache. Mwenye maelezo mengine ayalete.

Haya, nakubali: bamba changa lenye joto huweza kuyeyuka kiasi, na mashapo yenye maji pia. Kiasi, si lote.

Mabaki ya bamba yasiyorudi juu hapo huzama zaidi, na baadhi hurudi baadaye sana. Lava za Mangaia, visiwa vya Cook, zilizotoka miaka milioni 20 hivi iliyopita, zina salfa yenye alama ya hewa isiyo na oksijeni: ilitoka kwenye ganda lililokuwa juu ya dunia zaidi ya miaka bilioni 2.4 iliyopita, kabla oksijeni haijajaa hewani.