Ngô Bảo Châu na swali la Mlimani

Kijana anayetaka kubobea hisabati ya nadharia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huulizwa nyumbani: itatusaidia nini? Ni swali la haki. Bonde la Jangwani jijini hujaa maji mvua kubwa zikinyesha, na anayeweza kukokotoa mwendo wa mafuriko anahitajika leo. Mtu wa nadharia ya uwakilishi kwa njia ya jiometri hana ahadi kama hiyo.

Kazi yake ni ipi? Zungusha kanga nusu mzunguko: mara nyingi mji na pindo hurudi vilevile, jina tu ndilo hupinduka. Mizunguko ya namna hiyo hukusanywa kuwa kundi, kundi likaandikwa kwa matriksi, yaani majedwali ya namba, ili lihesabike. Hesabu ikikwama, jibu hutafutwa kwenye maumbo.

Ngô Bảo Châu, mwanahisabati wa fani hiyo, alizaliwa Hanoi, Vietnam, mwaka 1972, vita vikiendelea. Alipata medali za dhahabu kwenye Olimpiadi ya Hisabati mwaka 1988 na 1989. Alikuwa aende kusoma Hungaria, ufadhili ukakatika baada ya ukomunisti kuanguka huko, Ufaransa ikampokea. Udaktari aliupata 1997, na lema ya msingi, dai lililotokana na mawazo ya Robert Langlands, aliithibitisha yote miaka kama kumi na moja baadaye. Mwaka 2010 akatunukiwa medali ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati.

Wapinzani watasema: aliondoka. Kweli, na siwezi kulipuuza hilo. Ugunduzi wake haukufanyika Hanoi. Ila madarasa maalumu ya hisabati yaliyomlea yalikuwa ya Vietnam, nchi iliyokuwa maskini wakati ule. Na baada ya medali, serikali ilianzisha taasisi ya hisabati ya juu Hanoi, yeye akawa mkurugenzi wake wa kisayansi huku akifundisha Chicago.

Kinachonisumbua zaidi ni upandishaji vyeo. Wahadhiri wetu hupimwa sana kwa idadi ya machapisho. Anayekaa miaka minane na tatizo moja atapitwa na mwenzake mwenye makala fupi fupi, hata kama tatizo lake ni zito mara kumi. Najua hoja ya upande wa pili: bila kuhesabu, mvivu naye atajificha nyuma ya “tatizo gumu”. Basi apimwe kwa semina za wazi kila muhula, mbele ya wanaoielewa kazi yake, hata kwa njia ya mtandao kutoka nje. Nafasi moja ya utafiti wa nadharia ya miaka mitano kwa masharti hayo inatosha kuanzia, na isichukuliwe kutoka fungu la wanaoshughulikia mafuriko.