Cameron na machifu wa mshahara

Bado wapo watu wanaomsifu Gavana Donald Cameron wa Tanganyika kuwa ni Mwingereza aliyeziheshimu mila zetu. Sifa hiyo ina chembe ya ukweli, lakini mimi naiona imezidi kipimo.

Cameron alifika Dar es Salaam mwaka 1925 akitokea Nigeria, ambako alikuwa ameuzoea mfumo wa Lugard, gavana wa zamani wa huko, wa kuwatawala watu kupitia wakubwa wao wenyewe. Mtangulizi wake, Horace Byatt, alikwisha kuacha sheria za msingi, ikiwemo ile ya 1923 iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana, ila kwenye wilaya nyingi kazi ilikuwa bado mikononi mwa maakida na majumbe, yaani wakuu wa kuteuliwa na serikali, waliorithiwa kwa Wajerumani. Mwaka 1926 Cameron akapitisha Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na maakida wakaanza kuwapisha machifu.

Tatizo ni kwamba si kila mahali palikuwa na chifu wa kurudishiwa kiti. Uhehe alikuwapo Sapi, mwana wa Mkwawa, aliyetambuliwa mwaka huohuo, na hakuna Mhehe aliyehitaji kuelezwa ni nani. Lakini kwa Wamakonde na Wamwera, au kwa Wazaramo waliokuwa majirani wa gavana mwenyewe, mambo yaliamuliwa na wazee, koo na vijiji. Huko chifu ilibidi atafutwe, na asipopatikana, atengenezwe.

Hata pale alipokuwapo wa haki, hakubaki yuleyule. Mfikirie mtemi siku ya kodi: amekaa barazani, karani ana daftari mezani, mtu anaweka shilingi zake na kupewa stakabadhi. Sehemu ya fedha inakwenda serikalini, sehemu inabaki katika hazina ya mtemi, na humo ndimo unamotoka mshahara wake, wa karani na wa matarishi. Zamani aliletewa nafaka na pembe, akalimiwa shamba, naye akategemewa kwa mvua. Sasa anadaiwa makusanyo, na anayelipwa mshahara huweza kuachishwa kazi.

Namhesabia Cameron jambo moja kubwa: aliukataa mpango wa kuiunganisha Tanganyika na Kenya, ambao walowezi wa Kenya waliutamani. Angelegea hapo, sijui ardhi yetu ingeishia kwa nani. Hata hivyo, Baraza la Kutunga Sheria alilolianzisha mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja, na Waafrika wa kwanza walipoingia mwaka 1945, wote wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, walikuwa machifu. Karani aliyejua kusoma sheria kuliko chifu wake aliambiwa, kwa matendo kama si kwa maneno, kwamba mlango wa siasa hapiti yeye.

Uzanaki, karibu na Musoma, ndiko kejeli ya mfumo huu inakoonekana vizuri zaidi. Uchifu wa huko uliwekwa na Wajerumani, Waingereza wakaupokea kana kwamba ni mila ya tangu enzi, na Nyerere Burito akaushika hadi alipofariki mwaka 1942. Mwanawe Julius alisoma Tabora, katika shule ya serikali iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu, na ni serikali yake iliyoufuta uchifu nchi nzima mwaka 1963.