"Borrow me" itakoma lini?

Jamani, "borrow me your pen" mpaka lini? Asubuhi "borrow me", jioni "borrow me"! "Borrow" ni kazi ya anayepokea, "lend" ni ya anayetoa. Unataka kalamu? Sema "lend me your pen", au "can I borrow your pen?" Ugumu uko wapi hapo?

Chanzo kinajulikana. Ni azima yetu, inayobeba pande zote mbili: nimeazima kitabu, niazime kitabu. Mtu anaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye Kiingereza, sentensi inavunjika. Lakini mbona kukopa na kukopesha hatuvichanganyi hata usingizini? Basi pimia hapo: penye kopa weka "borrow", penye kopesha weka "lend".

Halafu vihusishi! Unakopa "from" mtu, unamkopesha "to" mtu. Sasa "I borrowed to him money" ndiyo nini? Nani anadai, nani anadaiwa? Tumfuate nani mwisho wa mwezi?

Na "lended", hiyo inauma kuliko zote. Wakati uliopita ni "lent". Herufi nne tu, jamani, nne!