Usaili wa Kiayalandi kwa mwalimu mtarajiwa wa umri mkubwa: akariri au azungumze?

Nchini Ayalandi, mtu anayetaka kufundisha shule ya msingi hana budi kukijua Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, kwa kuwa mwalimu wa darasa hufundisha karibu masomo yote na lugha hiyo ni mojawapo. Kijana anayetoka sekondari hudaiwa alama ya H4 katika mtihani wa mwisho wa ngazi ya juu, yaani kuanzia asilimia 60, sharti lililoanza kutumika mwaka 2019. Mwombaji wa umri mkubwa, yaani aliyetimiza miaka 23 kufikia tarehe 1 Januari ya mwaka wa kuanza chuo, hasamehewi sharti hilo, na juu yake huketi mbele ya wasaili wanaompima kwa mdomo.

Wanaoulalamikia usaili huu hawaropoki. Katika sensa ya 2022, watu 1,873,997 walisema wanakiweza Kiayalandi, lakini waliokitumia kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968 tu. Kwa hiyo mtu wa miaka 38 aliyeacha shule miaka ishirini iliyopita huenda hajapata hata mara moja kuulizwa swali kwa lugha hiyo dukani wala kazini. Kijana anayeshindana naye ana mwalimu wa kila siku, na mtihani wake wa mazungumzo hubeba asilimia 40 ya alama za somo, hivyo amezoezwa kusema. Huyu mwenye kazi na watoto hujilipia darasa la jioni, na akitaka kwenda kukaa Gaeltacht, yaani maeneo ambako lugha ingali inasemwa majumbani, hutafuta likizo, nauli na mahali pa kulala. Wakati huohuo shule za Dublin zinalia uhaba wa walimu.

Hata hivyo, ukiutazama usaili kwa jicho la mtoto, mambo hugeuka. Watoto wengi hawasikii Kiayalandi nyumbani, na kinywa cha mwalimu ndicho chemchemi yao. Mwalimu asiyeweza kuunda sentensi yake mwenyewe atajificha nyuma ya kitabu, na mtoto atajifunza kujificha vivyo hivyo. Katiba ya 1937, katika kifungu cha 8, inakiita Kiayalandi lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Maneno hayo yangebaki wino mtupu kama anayekifundisha hakisemi. Kwa hiyo naona usaili una haki ya kuwapo. Ninachokitilia shaka ni namna watu wanavyojiandaa.

Wengi hukariri. Huandika aya nzuri ya kujibu «Cén fáth ar mhaith leat a bheith i do mhúinteoir?», yaani kwa nini unataka kuwa mwalimu, wakasahihishiwa na mtu anayejua, kisha wakaimeza neno kwa neno. Siwalaumu kabisa, maana hofu hufunga ulimi, na sentensi chache zilizo tayari humpa mtu pumzi ya kuanzia. Tatizo ni kwamba Kiayalandi hakina neno moja la «ndiyo» wala la «hapana». Anayejibu hurudia kitenzi cha swali. Ukiulizwa «An raibh tú riamh sa Ghaeltacht?», yaani umewahi kufika Gaeltacht, jibu ni «Bhí» kama umefika, au «Ní raibh» kama hujafika. Ni neno moja au mawili tu, lakini huwezi kulitoa usipolisikia swali, na hapo ndipo aya iliyokaririwa humwacha mwenyewe njiani. Zaidi ya hapo kuna hali ya masharti. Sisi tungepachika -nge- tukaendelea na safari; wao hubadili mwanzo wa kitenzi na mwisho wake pia, na baada ya «dá», yaani kama, mwanzo hubadilika tena: «bheadh» huwa «mbeadh». Msaili akiuliza ungefanya nini kama mtoto angelia darasani, hajali sana utafanya nini. Anasikiliza kama vitenzi vyako vinasimama.

Lahaja nazo hutisha kuliko inavyostahili. Salamu ya jimbo la Connacht, yaani u hali gani, ni «Cén chaoi a bhfuil tú?», ya jimbo la Ulster ni «Cad é mar atá tú?», na jimbo la Munster huanza na «Conas». Inatosha kushika moja katika kusema na kulizoesha sikio zote, na kwa hilo Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi inayotangaza tangu 1972, haidai ada yoyote. Nusu saa ya redio kila siku na jioni moja ya maongezi kila wiki humfaa mwombaji kuliko kurasa kumi za majibu.

Tena mtu mzima ana kitu ambacho kijana hana: maisha ya kusimulia. Aliyefanya kazi hospitalini miaka kumi anaweza kusema «Bhí mé ag obair in ospidéal ar feadh deich mbliana», na swali litakalofuata litahusu wagonjwa, zamu za usiku, au sababu ya kuondoka, mambo anayoyajua bila kuyakariri. Akijizoeza kuyaeleza hayo kwa vitenzi vya wakati uliopita, hata akiulizwa amefikaje chuoni asubuhi hiyo, atajibu «Tháinig mé ar an mbus», kisha ataeleza kwa nini basi lilichelewa.