Chai ya rangi na meno meupe: katazo lina haki kiasi gani?

Mpwa wangu anaolewa Desemba, na sendoff itafanyika huku huku Mwanza. Wiki iliyopita alirudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa na trei laini ya plastiki iliyotengenezwa kufuata umbo la meno yake, ya kuvaa usiku ikiwa na jeli ndani, pamoja na karatasi ya masharti. Kwa siku 14 asiguse chai, kahawa, soda nyeusi, juisi ya rozela, mvinyo mwekundu wala mchuzi wenye binzari.

Asubuhi ya kwanza, pale nyumbani Nyegezi, mama yangu alimsogezea kikombe kama anavyofanya kwa kila mtu anayeamka. Binti akakirudisha polepole.

"Bibi, nimekatazwa."

"Chai? Umeumwa nini mpaka ukatazwe chai?"

Akanigeukia. "Mjomba, hebu mweleweshe bibi."

Nikashindwa kumwelewesha, maana nilipoanza kueleza niliona kwamba bibi ana hoja na daktari ana hoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima jambo hili, na ninadhani linawahusu wengi hapa, kwa sababu siku hizi vijana wengi wanatamani kung'arisha meno, na Mwanza ni mji wa chai na kahawa tangu alfajiri.

Tuanze na dawa yenyewe. Jeli ya kuvaa usiku kwa kawaida ni kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo ikikutana na mate hutoa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Njia hii ilitangazwa kitaalamu mwaka 1989 na Wamarekani wawili, Haywood na Heymann. Dawa hii haikwangui jino. Inapenya enameli, ile ngozi ngumu ya nje, inafika kwenye dentini, tabaka la jino lililo chini yake, na huko inazivunjavunja chembe za rangi zikawa ndogo kiasi kwamba jicho halizioni tena kama weusi au umanjano. Kwa hiyo ni tofauti kabisa na kusafisha meno, yaani kuondoa ugaga kwa mashine, ingawa mtaani tunayaita yote "kusafisha".

Hoja ya daktari inasimama hapa. Juu ya enameli kuna utando mwembamba wa protini unaotokana na mate. Dawa huuvuruga, na uso wa jino hubaki kwa muda bila kinga yake ya kawaida. Maabara mbalimbali zimechukua meno yaliyong'olewa, mara nyingi ya ng'ombe, zikayapaka dawa kisha zikayatumbukiza kwenye kahawa au mvinyo, na mengi yakashika rangi upya. Ukiwa daktari, na mgonjwa amelipa fedha yake ya kubana, huwezi kumwambia aendelee tu kunywa. Sharti kali ni rahisi kulishika kuliko "kunywa kiasi". Kiasi cha nani? Naliheshimu hilo. Mtu akiambiwa "punguza" atakunywa vikombe vinne na kusema amepunguza.

Lakini jino la maabara halina mate. Linakaa ndani ya kahawa kwa saa nyingi, hata siku nzima, wakati mimi na wewe tunapiga funda na kumeza. Tafiti zilizofanywa kwa watu wenyewe, ambao waliendelea kunywa kahawa au chai huku wakitumia dawa, zimeonyesha kwa sehemu kubwa kwamba meno yao yaling'aa karibu sawa na ya wale waliojizuia. Sababu inaeleweka. Kila usiku trei inarudi mdomoni na peroksaidi inaifuta rangi ndogo iliyoingia mchana. Mate nayo yanaurudisha ule utando ndani ya saa chache. Nikipima pande hizi mbili, naona ushahidi wa watu walio hai una uzito zaidi, na siku 14 za kukaa mbali na kila chenye rangi ni adhabu kubwa kuliko kosa. Nisingebishana na mtu anayejizuia saa 24 au 48 baada ya kupakwa dawa kali kliniki, kwa sababu huko dawa ina nguvu nyingi zaidi na inapakwa mara chache, bila trei ya kesho kurekebisha.

Kuna jambo ambalo karatasi ile haikuligusa kabisa, nalo ndilo ningependa kila kliniki iliandike: chai si moja. Chungulia ndani ya chupa ya chai ya nyumba yoyote inayokunywa chai ya rangi. Shingo ya ndani ina utepe wa kahawia usiotoka hata kwa steelwire. Rangi hiyo inatokana na tanini, kemikali za asili zilizomo kwenye majani ya chai. Maziwa yana protini inayoitwa kasini, na kasini huzinasa tanini kabla hazijashika jino. Utafiti umeonyesha kwamba kuongeza maziwa kwenye chai hupunguza kwa kiasi kikubwa rangi inayobaki kwenye meno. Sisi wa ukanda huu, wenye ng'ombe, chai ya maziwa tunaijua tangu utotoni. Kumkataza mtu chai ya maziwa na chai ya rangi kwa mstari mmoja ni kumnyima kitu ambacho kingemsaidia kuvumilia hizo wiki mbili.

Kahawa chungu inayouzwa jioni kwa birika na vikombe vidogo ni jambo jingine. Ni nzito, haina maziwa, na raha yake ni kuketi na kunyonya kidogo kidogo huku mazungumzo yakiendelea saa nzima. Hapo jino linalowa bila kupumzika. Kahawa ya kutafuna inayotoka Bukoba naiweka kwenye kundi hilo hilo, maana inakaa kati ya meno.

Nikifika kwenye soda, rozela na ukwaju, narudi upande wa daktari moja kwa moja, ingawa kwa sababu tofauti na yake. Shida kubwa ya vinywaji hivi ni asidi. Enameli huanza kulainika pale pH ya mdomo, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na soda nyeusi iko karibu na 2.5. Rozela pia ni kali. Jino linalotumia peroksaidi tayari linaweza kuchoma likiguswa na maji baridi. Ukiliongezea asidi, unaumia, na mtu anayeumia huiacha trei kabatini. Anayekunywa vinywaji hivi atumie mrija, asukutue kwa maji, na asipige mswaki mpaka ipite nusu saa, kwa sababu mswaki kwenye enameli iliyolainika unaikwangua. Ndiyo maana pia wanaosugua meno kwa limao au mkaa uliosagwa wananisikitisha sana. Wanautafuta weupe kwa kuimaliza enameli, na ikiisha hairudi.

Halafu kuna watu ambao mjadala huu wa chai unawaonea bure. Wamekulia kwenye visima vya baadhi ya maeneo ya Shinyanga na Simiyu, hata sehemu za mkoa wetu, ambako maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi hapa nchini tuliruhusu kwa muda mpaka miligramu 4. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza floraidi. Jino likitengenezwa utotoni katika hali hiyo, madoa ya kahawia yanakuwa sehemu ya enameli yenyewe. Mtu huyo akiambiwa "punguza chai", anafundishwa kujilaumu kwa kisima ambacho hakukichimba. Jeli ya usiku huwasaidia baadhi yao, tena polepole, na mwanzoni madoa meupe yanaweza kuonekana zaidi. Wengine wanahitaji matibabu tofauti. Aanze kwa kuulizwa alikulia wapi.

Mpwa wangu amekulia kwenye maji ya ziwa, kwa hiyo hilo halimgusi. Tumekubaliana hivi: kikombe kimoja cha chai ya maziwa asubuhi, akimalize pale pale mezani badala ya kutembea nacho mpaka saa nne. Rozela asubiri mpaka siku mbili zipite baada ya trei ya mwisho. Bibi yake ameshaanza kununua maziwa lita moja zaidi.

Jumatatu anarudi kwa daktari na swali ambalo nililiona nilipomwangalia anacheka. Jino lake moja la mbele liliwahi kuzibwa, na peroksaidi haibadilishi rangi ya kizibo. Yaliyo jirani yakishang'aa, kipande kile kitabaki na rangi yake ya zamani. Anataka kujua kama kitabadilishwa kabla ya sendoff, na asubiri siku ngapi baada ya jeli ili kizibo kipya kishike vizuri.