Kiswahili chako hakitajaza tangi

Wageni wanaohamia mjini Unguja ni wa namna mbili. Yupo anayetoka Ulaya, hajui neno, na kwa kuwa hajui neno huuliza kila kitu, hata mahali pa kutupa taka. Na yupo anayetoka Nairobi, Kampala, Bujumbura au Goma, amekuja kusomesha skuli, kupika hotelini au kushika hesabu za kampuni ya utalii. Huyu wa pili anashuka botini anaongea, anasikia na anasikika, na Kiswahili chake ndicho kinachomponza. Kwa maoni yangu yeye ndiye anayetaabika zaidi miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu haulizi. Makala hii ni yake.

Karatasi tuzimalize upesi. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawaombwi viza, na wengi hudhani mlango uko wazi mpaka ndani. Muhuri wa bandarini ni wa kutembea. Kazi inataka vibali viwili kutoka milango miwili: cha kazi kinatolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, maana kazi si jambo la Muungano; cha kuishi kinatolewa na Uhamiaji, ambao ni wa Muungano, na kwa mwajiriwa ni daraja B. Cha kazi hutangulia. Aliyekuwa Arusha au Dar es Salaam na kibali cha kazi cha huko asikitegemee hapa. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe kabla hujaondoka kwenu, na jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwajiri akikwambia "anza tu, karatasi zitafuata", ujue siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni wewe.

Sasa nyumba. Dalali atakuonesha sebule, marumaru na feni ya dari. Wewe tazama juu ya paa na uwani. Maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, mitaa mingi huja kwa zamu, na pengine huja usiku wa manane watu wamelala. Muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba: maji yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yana nguvu ya kupanda? Jirani hana anachokuuzia. Kisha pita mtaani alfajiri uhesabu madumu. Mtaa wenye safu ya madumu ya manjano mbele ya mfereji mmoja umeshakujibu. (Na tuelewane hapa hapa: mfereji Unguja ni bomba la maji lenye koki. Fundi akikwambia mfereji unavuja, usitoke nje kutazama mtaro.)

Piga hesabu. Mtu mmoja akioga mara mbili kwa ndoo, kama joto la hapa linavyotaka, akafua na kupika, weka lita 60 kwa siku. Watu 4 ni lita 240. Tangi la lita 1,000 linawatosha siku nne na kidogo, na zamu ikiruka mara moja mmekwama. Mpango unaofaa ni wa matangi mawili: moja chini, linalopokea maji hata yakija dhaifu, jengine juu, na pampu baina yao. Nyumba yenye tangi la juu peke yake inataka maji yapande yenyewe mita 4 au 5. Yakija bila nguvu utayasikia yakikoroma ndani ya bomba, na juu hakuna kitu. Tazama pia tangi limekalia nini. Lita 1,000 ni tani moja, na mbao mbili juu ya bati hazibebi tani.

Pampu za nyumbani huungua kwa sababu moja kuliko zote: mtu amewasha, tangi la chini tupu, akaenda zake kazini. Pampu hupozwa na maji yale yale inayoyavuta; ikivuta hewa inajipika. Funga boya la umeme kwenye tangi la chini, lizime pampu maji yakiisha, au jizoeze kutogusa swichi kabla hujaligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Lenye maji hujibu kwa sauti nzito. Tupu hulia kama ngoma, na ukipanda kugonga taratibu kutoka chini utasikia hasa maji yameishia wapi. Mfuniko uwepo na ufunge sawasawa. Mbu wa homa ya dengi anataga kwenye maji safi yaliyotulia ya matangi na mapipa, naye huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii kwake.

Nyumba za karibu na pwani, upande wa Mazizini, Mbweni na Chukwani, nyengine hutegemea kisima. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe lenye vitundu: maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na visima vikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Usitegemee kuonja. Omba sabuni ya kipande uoshe mikono. Ikikataa kutoa povu, birika lako litaota ukoko mweupe na shawa itaziba. Inachekesha kidogo kwamba kodi kubwa kuliko zote hutozwa hapo hapo penye bahari ya kutazama na maji yasiyotoa povu.

Mji Mkongwe je? Umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000 na unastahili, lakini simshauri mtu aanzie maisha humo. Kuta za mawe na chokaa hunywa unyevu. Kabati likigusa ukuta, masika yanapokwisha viatu vya ngozi vimeota ukungu. Kibaya zaidi ni ukuta wa chokaa uliopakwa saruji au rangi ya mafuta: unyevu unafungiwa ndani, unatafuta pa kutokea, rangi inabambuka magamba. Ukiyaona magamba hayo kutoka sakafuni mpaka kiunoni, shukuru na uage. Tena gari haifiki mlangoni. Mtungi wa gesi na gunia la mchele vitaletwa na hamali kwa mkokoteni, na hamali analipwa. Anzia Ng'ambo, Kikwajuni, Mpendae, Amani, ambako duka, msikiti na kituo cha daladala viko karibu na watu wanakaa kweli.

Kodi hutakiwa ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, na dalali hutaka ya mwezi mmoja juu yake. Ndiyo maana kulala nyumba ya wageni wiki mbili huku unazunguka si hasara. Ukitajiwa dola, wewe jibu kwa shilingi.

Umeme ni wa kulipia kabla, na hapa mita yake inaitwa Tukuza. Usiseme LUKU, utafahamika lakini utaonekana wa bara. Unanunua kwa nambari ya mita, unapewa tarakimu 20 za kubonyeza. Kabla ya kutia saini mkataba, nunua umeme kidogo mwenye nyumba akiwepo. Mita yenye deni la mpangaji aliyepita hukata sehemu ya fedha yako, na ni bora uone hayo kabla fedha ya kodi haijatoka mkononi. Zima pia swichi kuu yako ujue ni nani mwengine anazimika: mita moja ya nyumba mbili, ambapo jirani ana friji mbili na wewe una feni, ni ugomvi unaosubiri mwisho wa mwezi. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa zamani uliposhindwa Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Mwengine mkubwa zaidi ulizinduliwa mwaka 2013, lakini wenyeji hawakusahau. Ndiyo maana hata jikoni kwenye jiko la umeme utakuta seredani ya makaa, nawe usiuze ya kwako. Umeme ukikatika pampu za maji nazo husimama, na foleni ya mfereji huanza siku ya pili.

Kisha sheha, ambaye mgeni wa Afrika Mashariki humruka kuliko wote. Shehia ndiyo ngazi ya chini ya serikali hapa, na sheha anatakiwa ajue nani analala wapi. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba sheha wa hapo ni nani na mwende pamoja. Akianza kubabaika, pana jambo: pengine nyumba ni ya mirathi haijagawiwa na ndugu watano hawajui kama imepangishwa, au huyo "mwenye nyumba" naye ni mpangaji. Chukua nakala ya pasipoti, nakala ya kibali, picha ndogo mbili na mkataba. Usiende na haraka. Kaa, salimia, eleza unatoka wapi, unafanya kazi wapi, umekuja na nani. Barua yake ndiyo utakayotakiwa kila unapogeuka baadae, kuanzia kitambulisho cha mkaazi, na siku ukiibiwa au ukigombana na jirani, mtu wa kwanza kuulizwa habari zako ni yeye. Asiyekujua atasema hakujui.

Sokoni sasa. Darajani ukiomba nyanya utapewa, na bei itakuwa ya aliyeomba nyanya. Hapa ni tungule. Viazi mviringo ni mbatata, kitunguu saumu ni thomu, mkate wa dukani ni boflo. Kujua maneno manne hayo si kujifanya Mzanzibari. Muuzaji anajua wewe ni mgeni tangu ulipofungua mdomo, lakini anajua pia kwamba umekaa. Tungule na ndimu huuzwa kwa fungu, basi tazama la chini ya fungu kabla ya kuuliza bei. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, nenda na kikapu. Samaki wa mnadani huuzwa kwa mkupuo kwa wachuuzi. Mwenye sufuria moja asubiri mnada utulie anunue kwa mchuuzi, afunue shavu aone kama bado jekundu na abonyeze mnofu aone kama unarudi. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu hupungua. Kusi likivuma, kuanzia Juni, bahari huchafuka na nguru hupanda bei, na kumlaumu muuzaji hakumshushi.

Daladala zina nambari na jina la njia usoni: 505 ni Uwanja wa Ndege, 502 ni Bububu, na za shamba, yaani nje ya mji, zina zake, 116 Nungwi, 309 Jambiani. Ukitaka kuteremka sema "shusha". Baada ya isha huadimika.

Saa unaijua, lakini hapa watu hupeana miadi kwa swala. Fundi akisema "baada ya alasiri" ana nafasi ya kuanzia saa 10 mpaka jua linazama, na akija saa 12 hajachelewa. Ukitaka saa, itaje. Kitu kinachowapoteza hata Waswahili wa Mombasa waliokaa sana Nairobi ni usiku: kwa hesabu ya kale siku huanza jua likizama, basi mzee akikualika maulidi "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alkhamisi baada ya magharibi. Uliza "wa kuamkia Ijumaa?" hata kama unaona haya. Siku yenyewe ya Ijumaa, shughuli za ofisini zifanye asubuhi. Na Ramadhani mchana usile wala usinywe hadharani, hata kama si Muislamu. Maji yako kunywa ndani.

Salamu ndiyo inayowavunjia jina Wakenya wengi, nasema kwa mapenzi. "Nipe sukari nusu" kwa muuzaji anayetoka Michenzani si haraka, ni ukali. Hapa ni shikamoo kwa aliyekuzidi umri, habari za asubuhi kwa mwengine, kisha "naomba". Ukipita barazani penye wazee salimia wote kwa mpigo, usichague unayemjua. Mlangoni piga hodi mara tatu. Pasipojibiwa karibu, ondoka bila kuchungulia dirishani.

Mwezi wa Ramadhani, au siku yoyote jirani akipika kitu, mtoto atagonga mlango na sahani imefunikwa kawa. Usiimwage kwenye bakuli lako ukamrudishia mtoto sahani pale pale. Ipokee, "mwambie mama ahsante", ioshe, na irudi kesho yake na kitu ndani. Si lazima kiwe cha kupika. Maembe matatu yanatosha, au sukari kilo moja. Sahani iliyorudi tupu haitasemwa na mtu. Itachelewa tu kuja tena.