Hesabu ya ramli iingie kwenye somo la kompyuta

Vijana wengi wanaosoma kompyuta hapa Dar es Salaam wanakariri kwamba 13 kwa bainari, yaani namba zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, ni 1101, wanafaulu mtihani, basi. Historia ikitajwa, anatajwa Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, peke yake.

Leibniz anastahili heshima. Mwaka 1703 aliandika jinsi ya kujumlisha na kuzidisha kwa 0 na 1 tu, akaonyesha kuwa maumbo 64 ya Yi Jing, kitabu cha kale cha Wachina, yanasomeka kwa namba hizo. Lakini Mwingereza Thomas Harriot, aliyefariki 1621, alishaziandika kwenye karatasi zake bila kuzichapisha. Na karne nyingi kabla yao, Pingala wa India alipanga silabi fupi na ndefu za mashairi kwa utaratibu wa namna hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye ramli. Utabiri wake siuamini. Ninachokitetea ni hesabu yake. Mpiga ramli anadonoa nukta mchangani bila kuhesabu, mistari minne, kisha anazifuta mbilimbili hadi kila mstari ubaki na moja au mbili. Mistari hiyo minne ni umbo moja, na maumbo yanayowezekana ni 16, hayazidi. Akiunganisha maumbo mawili, mstari kwa mstari, moja na moja huzaa mbili, mbili na mbili huzaa mbili, moja na mbili huzaa moja. Fundi wa saketi anaijua kanuni hiyo: ndiyo XOR, inayotoa 1 pale tu viingizo viwili vinapotofautiana (hapa mbili ni sawa na 0).

Kinachonisisimua zaidi ni hakimu, umbo la mwisho. Unaanza na maumbo manne, ukiyasoma kwa mlalo unapata mengine manne, kisha unaunganisha mawilimawili hadi libaki moja. Jumla ya nukta za hakimu lazima iwe shufwa. Ikitoka witiri, umekosea mahali, rudia. Kompyuta nazo hukagua data kwa wazo hilohilo, kwa kuongeza biti moja, yaani 0 au 1 moja, ili jumla ya 1 zote iwe shufwa.

Wazazi watashtuka wakisikia ramli darasani, na nawaelewa. Basi mwalimu asibashiri chochote. Achukue maharage, awape wanafunzi maumbo manne ya kuanzia, awaache watafute hakimu, halafu awaulize kwa nini witiri haitoki kamwe. Wakishalijibu swali hilo, ndipo awaletee Claude Shannon, aliyeonyesha mwaka 1937 kuwa swichi za umeme zinaweza kufanya hesabu za namna hii zenyewe.